Kokasi ni Jina la Umbo, Si Jina la Ugonjwa

SWALI: Mhariri, salamu. Mwanangu wa miaka saba alitokwa na jipu kubwa pajani. Daktari alilipasua, akachukua usaha kidogo na kuupeleka maabara. Jibu lilirudi kwa Kiingereza, na muuguzi akanisomea kwa haraka kwamba wameonekana "kokasi, chanya kwa Gram, wako katika vichala". Niliposikia neno "chanya" nilishikwa na hofu, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza zaidi. Naomba nifahamishwe: kokasi ni ugonjwa gani? Na kwa Kiswahili sanifu tuseme kokasi moja au kokasi mmoja? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

JIBU: Pole sana, mama, kwa kukesha na mtoto mwenye jipu, na pole zaidi kwa hofu iliyotokana na neno ambalo hakuna aliyepata nafasi ya kukueleza. Nitaanza na hilo lililokutisha. "Chanya" iliyoandikwa katika karatasi yako haina uhusiano na "chanya" ya kipimo cha virusi vya UKIMWI. Hiyo ni habari ya rangi tu. Mwaka 1884, tabibu wa Denmark aitwaye Hans Christian Gram, akiwa kazini Berlin, aligundua kwamba bakteria wakitiwa rangi ya zambarau, kisha wakatiwa iodini na kuoshwa kwa spiriti, baadhi yao huishika ile zambarau isitoke, na wengine huiachia ikaoshwa yote. Siku hizi wale walioiachia hutiwa rangi ya pili, nyekundu, ili nao waonekane kwenye hadubini. Wanaobaki na zambarau huitwa chanya kwa Gram, na wanaogeuka wekundu huitwa hasi kwa Gram. Tofauti hiyo hutokana na ukuta wa seli, kwa kuwa wale chanya wana ukuta mnene. Kwa hiyo "chanya" inamweleza daktari jinsi ukuta wa bakteria ulivyo, jambo ambalo humsaidia kuchagua dawa, na haina maana nyingine iliyofichika.

Sasa kokasi. Neno hili halitaji ugonjwa wowote, wala halitaji hata aina moja mahususi ya bakteria. Kokasi ni bakteria yeyote mwenye umbo la mviringo kama punje. Asili yake ni neno la Kigiriki kokkos, lenye maana ya punje, mbegu au tunda dogo, ambalo wanasayansi wa Ulaya waliliingiza katika Kilatini kwa umbo la coccus. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuvutiwa na jinsi neno hilo linavyokaribiana na "kokwa", ile mbegu ngumu iliyo ndani ya embe. Mfanano wa sauti si ushahidi wa undugu, lakini mwalimu anayetafuta njia ya kuwasaidia wanafunzi wakumbuke maana anaweza kuutumia bila dhambi: kokasi ana umbo la kijikokwa.

Kuna jambo jingine katika historia ya maneno haya ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Neno "bakteria" lenyewe limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kifimbo, kwa sababu viumbe vya kwanza kupewa jina hilo vilionekana kama vijiti. Basi tunaposema "bakteria wa mviringo", kwa maana ya asili tunasema "kifimbo cha mviringo", kitu ambacho hakipo. Lugha haikujali. Jina lilipanuka likawafunika wote, na wale wenye umbo la kijiti wakapewa jina jingine, basili, ambalo nalo kwa Kilatini ni kijiti.

Maneno ya mwisho aliyokusomea muuguzi, "katika vichala", ndiyo yaliyokuwa na habari nyingi kuliko yote, na ndiyo aliyoyapitia haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, daktari mpasuaji wa Uskoti, Alexander Ogston wa Aberdeen, alikuwa akichunguza usaha wa majipu ya wagonjwa wake, kama huo wa mwanao. Aliona kwenye hadubini punje ndogo za mviringo zilizosongamana kama zabibu katika kichala. Kichala cha zabibu kwa Kigiriki ni staphyle, na mwaka 1882 akatunga jina Staphylococcus, yaani punje zilizo katika kichala. Mwaka 1884 Mjerumani Rosenbach akaongeza neno aureus, la dhahabu, kwa sababu bakteria hao wakioteshwa maabara huota wakiwa na rangi ya manjano ya kupendeza. Staphylococcus aureus ndiye msababishaji mkuu wa majipu duniani hadi leo. Karatasi yako haikumtaja kwa jina kwa sababu hadubini peke yake haitoshi kumtambua. Wapo kokasi wengine wanaokaa katika vichala, na baadhi yao huishi kwenye ngozi ya kila mtu bila kumdhuru. Maabara ililazimika kusema kile ilichokiona, na kumwacha daktari akiunganishe na jipu alilolipasua kwa mkono wake. Huo ni uaminifu wa kitaalamu, si kuficha jambo.

Mbona wengine hukaa katika vichala na wengine hawakai? Kokasi huzaana kwa kugawanyika mara mbili, na mara nyingi watoto hawa hawatengani kabisa. Ikiwa kila mgawanyiko unafuata mwelekeo uleule mmoja, watapatikana wawili wawili, au watajipanga kama shanga zilizotungwa katika uzi. Ikiwa mgawanyiko wa pili unakata wa kwanza kama msalaba, watakaa wanne wanne. Ikiwa unakwenda pande tatu kwa utaratibu, watakuwa furushi la wanane, na kundi moja la namna hiyo huitwa Sarcina, neno la Kilatini lenye maana ya furushi. Na ikiwa unakwenda pande mbalimbali na watoto wakasukumana bila mpango, hapo ndipo kinapotokea kichala. Kwa hiyo mpangilio wa kokasi unaonyesha namna walivyozaliwa. Yote haya yanafanyika katika ukubwa wa kustaajabisha: kokasi wa jipu ana upana wa takribani sehemu moja ya elfu ya milimita, maana yake ni kwamba kokasi elfu moja wakipangwa bega kwa bega hufika mstari wa milimita moja.

Wale wanaojipanga kama shanga huitwa Streptococcus. Jina hili lilianza na Theodor Billroth, daktari mpasuaji wa Vienna, mwaka 1874. Vitabu vingi hueleza kwamba strepto ni "mnyororo". Hilo ni kosa dogo ambalo ningependa tulisahihishe katika madaftari ya wanafunzi wetu: streptos ya Kigiriki ni kitu kilichosokotwa au kinachopindika, kama kamba, na wazo la mnyororo linatokana na tunachokiona kwenye hadubini.

Usidhani kwamba tofauti ya kichala na uzi ni ya kupamba vitabu tu. Streptococcus pyogenes, anayesababisha maumivu makali ya koo kwa watoto, mpaka leo anauawa na penisilini ya kawaida, na ni lazima auawe mapema, kwa sababu mtoto asipotibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi ambayo huacha kovu katika vali za moyo. Hospitali zetu za Afrika Mashariki zinawajua vizuri vijana wanaopumua kwa shida kwa sababu ya koo lililopuuzwa utotoni. Stafilokokasi wamekwenda njia nyingine. Ndio waliokuwa wakioteshwa katika kisahani cha Alexander Fleming kule London mwaka 1928, pale kuvu ilipoingia kwa bahati na kuwaua, na penisilini ikagunduliwa. Lakini sasa wengi wao wana kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijawafikia. Watoto wawili, mmoja na koo na mwingine na jipu, wote wana kokasi chanya kwa Gram, na bado dawa inayomponya mmoja inaweza isimsaidie mwingine hata kidogo. Ndiyo maana nakuomba sana, mama, usichukue karatasi hiyo ukaenda nayo duka la dawa kuomba "dawa ya kokasi". Hakuna dawa ya kokasi, kama vile hakuna dawa ya "mviringo". Rudi kwa daktari aliyepasua jipu. Huenda akakwambia kwamba jipu likishatolewa usaha wote na kusafishwa kila siku, dawa yenyewe ni kidogo tu au haihitajiki.

Wala si kila kokasi ni adui. Mtindi tunaokunywa hutengenezwa na bakteria wawili wanaosaidiana: Lactobacillus bulgaricus mwenye umbo la kijiti, na Streptococcus thermophilus, kokasi anayejipanga kama shanga. Huyu wa pili ni jamaa wa karibu wa wale wa koo, na anatulisha.

Nabaki na deni la swali lako la sarufi, nalo ni swali zuri kuliko unavyofikiri. Kilatini husema coccus kwa mmoja na cocci kwa wengi, na wataalamu wetu waliosoma kwa Kiingereza hutamka ule wingi "koksai" au "kokai". Mgonjwa anayesikia "koksai" leo na "kokasi" kesho hudhani ni vitu viwili. Ushauri wangu ni kwamba Kiswahili kitumie umbo moja, kokasi, kwa umoja na kwa wingi. Tulikwisha kufanya hivyo na neno "bakteria": kwa Kilatini hilo ni wingi, na umoja wake ni bacterium, lakini sisi tulichukua umbo moja likatutosha, na hakuna aliyepotea njia. Idadi itaonekana katika upatanisho.

Na upatanisho uwe wa A-WA: kokasi mmoja ameonekana, kokasi wawili wameungana, kokasi hawa. Najua wapo waandishi wanaoandika "bakteria hizi" na "kokasi moja", na hoja yao ina uzito, kwa kuwa ngeli ya A-WA ni ya watu na wanyama, na bakteria si mnyama. Miti nayo ni hai, lakini husemi "mti huyu". Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili tangu zamani anawaita viumbe hawa wadudu. Mgonjwa anamwuliza daktari, "Wadudu wameisha?" Lugha ilishawapa uhai wa kutembea na kushambulia kabla kamusi haijawafikia, na mimi naiheshimu hukumu hiyo ya wasemaji. Kwa hiyo, mama, ni kokasi mmoja.

Kuhusu maandishi: jina kamili la kisayansi hubaki kwa tahajia yake ya Kilatini na huanza kwa herufi kubwa, Staphylococcus aureus, lakini tunapozungumza kwa jumla tunaweza kuandika stafilokokasi na streptokokasi, kwa herufi ndogo, kama tunavyoandika malaria. Tusiandike "bakteria wa kokasi", kwa sababu kila kokasi ni bakteria, na kusema hivyo ni sawa na kusema "samaki wa changu". Pia tusiandike "ugonjwa wa kokasi".

SWALI: Nafundisha Baiolojia kidato cha pili. Katika muhtasari wangu wa Kiswahili nimeandika kwamba kokasi ni "bakteria wa duara". Mwenzangu anasema si sahihi. Nani kati yetu ana haki? (Mwalimu, Kisumu)

JIBU: Mwenzako, mwalimu, ingawa kosa lako ni la wengi. Duara ni umbo bapa, kama mstari unaochorwa kwa bikari juu ya karatasi, na sarafu ndiyo mfano wake wa karibu. Kokasi si bapa. Anafanana na chungwa au gololi, na neno la hisabati kwa umbo hilo ni tufe. Kwa hiyo "bakteria wenye umbo la tufe" ndiyo ibara sahihi zaidi, na "bakteria wa mviringo" inakubalika kwa msomaji wa kawaida kwa sababu mviringo huweza kusemwa kwa bapa na kwa tufe pia. Kinachowachanganya wanafunzi ni mchoro: kitabuni tufe huchorwa kama duara kwa kuwa karatasi haina kina. Ukiwa na udongo wa mfinyanzi, wafinyange kokasi badala ya kuwachora, na uwape pia wale wasiokubali kuwa tufe kamili. Nimokokasi, anayesababisha nimonia, amechongoka kidogo upande mmoja kama mwali wa mshumaa. Gonokokasi wa kisonono na meningokokasi wa homa ya uti wa mgongo hukaa wawili wawili kama maharage yaliyoelekezeana pande zao za bonde. Wote hawa bado ni kokasi. Wapo pia walio katikati ya tufe na kijiti, wafupi na wanene, ambao huitwa kokobasili. Bakteria wa brusela, anayepatikana katika maziwa mabichi ya ng'ombe na mbuzi wagonjwa, ni mmoja wao. Maumbile hayakufuata mipaka ya majina yetu, na ni vyema mwanafunzi alijue hilo mapema.

Tahajia nayo: andika nimokokasi, si "pneumokokasi", kwa kuwa tulishaandika nimonia bila ile p isiyotamkwa.

SWALI: Kuku wangu waliharisha damu, nikaambiwa ni koksidiosisi. Jirani akanishauri niwape penisilini kwa sababu "koksi" ni kokasi, na kokasi hufa kwa penisilini. Nilifanya hivyo na vifaranga wamezidi kufa. Nimekosea wapi? (Mfugaji, Iringa)

JIBU: Pole kwa hasara. Majina hayo mawili yametoka katika mzizi uleule wa Kigiriki, kokkos, na hapo ndipo jirani yako alipopotea, kwa nia njema. Koksidia si bakteria. Ni vimelea vya seli moja wa kundi la protozoa, wa jenasi iitwayo Eimeria, ambao hutoboa utumbo wa kuku, na walipewa jina la punje kwa sababu mayai yao kwenye hadubini ni ya mviringo. Penisilini hushambulia ukuta wa bakteria, na koksidia hawana ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo dawa ilipita bila kuwagusa. Mwone ofisa mifugo akupe dawa ya koksidia yenyewe, ambayo huchanganywa katika maji ya kunywa, na wakati huohuo badilisha matandazo ya banda. Mayai ya vimelea hawa hukomaa katika unyevunyevu, na banda likibaki limelowa, kuku waliotibiwa leo wataambukizwa tena wiki ijayo.

SWALI: Najiandaa kwenda Hijja. Katika kadi yangu ya chanjo kuna neno refu linaloishia na "kokasi" na herufi A, C, W na Y. Mdogo wangu anasema chanjo hiyo inakinga nimonia. Ni kweli? (Msomaji, Pemba)

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni chanjo ya meningokokasi, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, na zile herufi nne ni makundi ya bakteria huyo yanayotofautishwa kwa sukari iliyo katika ganda lake la nje. Saudi Arabia inaidai kwa mahujaji wote kwa sababu ya uzoefu mchungu: mwaka 1987 kundi A liliwashika mahujaji wengi na kurudi nao katika nchi zao, na mwaka 2000 likatokea kundi W, ambalo chanjo ya wakati ule iliyotumiwa na wengi haikulikinga. Tangu hapo ikadaiwa ile ya makundi yote manne. Hakikisha umeipata angalau siku 10 kabla ya kufika, kwa kuwa mwili unahitaji muda wa kujenga kinga. Nimokokasi ni bakteria wa jenasi nyingine kabisa, nimokokasi ni chanya kwa Gram na meningokokasi ni hasi, na chanjo ya mmoja haimzuii mwingine. Ikiwa umri wako umevuka miaka 65, au una kisukari au ugonjwa wa mapafu, mwulize daktari kuhusu chanjo ya nimokokasi nayo, kabla hujafunga mizigo.